Maji Aliyoyameza Mama

Watu wa siku hizi hawanywi maji, wanakunywa chupa. Niiteni mshamba, lakini maji yasiyo na harufu mimi siyaamini. Maji niliyokulia nayo yalinuka udongo. Yalikaa kwenye mtungi mweusi nyuma ya mlango wa jikoni kwa Bibi, kule Matogoro, yakapoa humo mpaka ukiyanywa meno yanakufa ganzi. Ukichota kwa kile kikombe chake cha bati chenye ukingo wa bluu, pua ndiyo iliyotangulia kunywa: mvua ya kwanza, chungu kibichi, na moshi kidogo wa jikoni. Majuzi nilinunua mtungi kama ule kando ya barabara, nikaupakata kwenye basi safari nzima, abiria wakanicheka. Nilipoujaza na kuinama kuchota mara ya kwanza, nilitegemea kumkumbuka Bibi. Wapi! Nilimwona mama, mashavu yamemjaa maji, na watu wote uani wamemkodolea macho wakisubiri.

Mama aliitwa Mama Bosko. Bosko alikuwa kaka yangu, wa kwanza na wa pekee. Alikuwa na pengo mbele na alipiga mluzi kupitia hilo pengo, mluzi mkali wa kumtoa mbwa usingizini, na alikuwa mchoyo wa mapera kupita maelezo. Miaka ile ushirika ulikuwa umeanza kulegea, na wanunuzi binafsi wakaja Songea na malori yao kuchukua mahindi mashambani. Mjomba Gervas, mdogo wake mama, akapata kazi ya kuendesha lori moja. Weee! Kwetu tulitamba. Mtu mwenye leseni ya lori alikuwa mtu hasa, hata Bibi alikuwa akimtaja kwa majirani bila kuulizwa.

Siku Mjomba alipokuja kumchukua Bosko wakatembee, mama alisimama mlangoni na mimi nilikuwa nimeshika sketi yake. Akasema, "Gervas, mtoto asipande juu ya magunia."

"Sawa, dada."

Bosko alipanda juu ya magunia. Alimbembeleza mjomba wake mpaka akalegea, maana mjomba yule hakujua kumnyima mtoto kitu. Kwenye kona ya mteremko wa Matogoro lori likayumba, magunia yakaporomoka, na Bosko akaporomoka nayo. Mjomba hakuwa amelewa. Hakuwa anakimbiza gari. Wazee walichunguza, polisi wakachunguza, wasione kosa lolote la kushika; lililokuwapo moja lilijulikana na mama, Mjomba na mimi tu: aliambiwa, akasema sawa dada.

Mama hakumlaani. Hakumtupia jiwe, wala hakumfukuza msibani. Aliacha tu kusema naye. Na kwa kuwa kila Jumapili tulikwenda wote kwa Bibi, na Mjomba aliishi pale pale kwa Bibi, kazi ya kusema ikawa yangu. Nilikuwa darasa la pili au la tatu. Mama angekaa huku na sahani yake, Mjomba kule kwenye kigoda, hatua chache tu kati yao, na mama angeniambia, "Mwambie huyo mtu ugali uko tayari." Nageuka: "Mjomba, ugali uko tayari." Naye, "Mwambie dada nimesikia." Nageuka tena: "Mama, amesikia." Kwani nani hakusikia? Hata kuku walisikia. Lakini ilibidi nipeleke, na nilipeleka kila kitu, habari za chumvi, habari za mvua, habari ya mbuzi wa Bibi kuvimba tumbo. Nilichoka mimi. Mtoto anachoka na vitu ambavyo hana hata jina la kuviita.

Upande wa mama, kusamehe hakukuwa maneno. Maneno hata mlevi anayo. Mtu aliyekosewa huletewa maji, huyajaza mdomoni, huyaacha yakae humo na ile hasira yake, halafu huyapuliza, puu! yakamrukia kifuani aliyemkosea. Basi, yamekwisha. Ukishapuliza huna dai tena, hata ukiota ndotoni. Na yule ambaye hajapuliziwa hasafiri safari kubwa, haoi, hajengi. Anakaa na kinyongo cha mwenzake kama mzigo wa kuni, anazunguka nacho.

Na Mjomba alikuwa na safari. Baada ya ajali hakuna aliyempa gari tena, na wakati huo kila kijana mwenye miguu alikuwa anakimbilia Tunduru, kwenye mawe ya rangi. Walichimba mashimo marefu membamba wakaingia humo kama panya, na mengine yalibomoka wakiwa ndani. Bibi akamkatalia katakata: "Shimoni huingii na kinyongo cha dada yako mgongoni. Udongo utakutambua." Kila Jumapili alimgeukia mama kwa kuzungukazunguka. "Ndugu wakigombana," anaanza, na mama anammalizia, "chukua jembe ukalime. Nimesikia, mama. Nalima." Na majirani nao kwa yao: yaliyopita si ndwele, Mama Bosko. Mama aliwatazama kama watu wanaosema Kichina. Mimi nilichotaka duniani kilikuwa kimoja tu, mama apulize, Mjomba aende arudi salama, na mimi nipumzike kusema.

Hapo ndipo Mkinga alipoingia na kamera yake.

Mkinga huyu, ndivyo tulivyomwita wote na yeye akaitika, alikuwa na duka Bombambili, na nyuma ya duka kibanda cha video: deki moja, televisheni moja, mabenchi, na jenereta lililonguruma kuliko waigizaji. Alionyesha picha za nje, na kijana mmoja alisimama mbele akitutafsiria lugha ambayo naapa hata yeye hakuijua. Watu walianza kuchoka. Sasa Mkinga alikuwa amenunua kamera ya kupigia harusi na kipaimara, na siku moja akasema: kwa nini tusipige picha yetu wenyewe, watu wajione? Akamfuata Mwalimu Projestus, Mhaya aliyehamishiwa kwetu si muda mrefu, mtu wa kanzu nyeupe Jumapili na Kiswahili kinachopanda na kushuka kama kilima. Mwalimu ndiye aliyekuwa akisimamia kikundi cha maigizo pale parokiani, na mama alikuwa mmoja wao.

Mwalimu alitunga mchezo wa mtaa mzima. Kila nyumba na kidonda chake: mlevi na mkewe, mgumba na mama mkwe wake, mzee aliyekataliwa na watoto, na mwisho dereva aliyegonga mtoto na mama wa yule mtoto. Wote wangeumizana, wakaishi na maumivu yao wakisalimiana tu barabarani, halafu mmoja akisamehe mwingine naye angesamehe, mpaka mtaa wote. Aliwapanga wanawake mstari akawaambia walie, aone nani anaweza. Wengi walicheka. Ilipofika zamu ya mama, alianza taratibu, na akawa hawezi kuacha. Mwalimu akapiga makofi. "Huyu ndiye mama wa mtoto!" Kisha akauliza nani anaweza kuendesha pikapu ya Mkinga. Alikuwa Mjomba peke yake, naye alikuwa amekuja kupakua viti tu. "Basi wewe ndiye dereva."

Mtu alikohoa. Hakuna aliyemwambia Mwalimu. Kwetu mgeni haonyeshwi kidonda cha nyumba siku za mwanzo, na Mwalimu, maskini, alikuwa bado mgeni. Walitazama miguu yao, na ikawa imepita.

Kwa nini mama alikubali? Nimejiuliza mpaka nimezeeka. Nadhani ni hivi. Arobaini ya Bosko ilipopita, kila alipotoa chozi alikuja mtu na ushauri. Kwenye mazoezi aliambiwa lia, akalia, akaambiwa vizuri sana, lia tena. Alirudi nyumbani macho yamevimba, na alikula. Nakumbuka hilo kwa furaha ya mtoto, kwamba mama alikuwa anakula.

Ila kilichonichanganya ni kwamba mazoezini walisema! Mama alimsimamia Mjomba na kumpigia kelele, "Mwanangu yuko wapi? Nakuuliza, mwanangu yuko wapi?" na Mjomba akamjibu, "Nisamehe, mama, nisamehe," sauti inamkatika. Nikawa natetemeka kwa furaha kwenye benchi. Mwalimu akisema pumzikeni, mama ananigeukia: "Mwambie huyo mtu anisogezee kiti." Ah! Nikajipa moyo kwamba maneno yale yanaingia kidogokidogo, kama maji kwenye mtungi mpya, ambao lazima unywe kwanza wenyewe ndipo ushike.

Sehemu ya mwisho ilipigwa uani kwa Bibi. Ukungu wa asubuhi ulikwishapanda mlimani na jua likawaka kweli. Waigizaji wote walikuwapo, maana ilitakiwa mtaa mzima uone. Mwalimu akaelekeza: dereva apige magoti, mama amwinue, amkumbatie. Wanawake wakaangua kicheko. Mtu mzima na heshima zake amkumbatie mwanamume mbele ya watu, na kamera juu?

Bibi alikuwa kwenye mkeka akichambua maharage. Hakuinua kichwa. "Mwalimu, hapa hatukumbatiani," akasema. "Hapa mtu anapuliza maji."

Akamweleza, na Mwalimu akafurahi mpaka akarukaruka. "Safi sana, Bibi! Hicho ndicho nilikuwa natafuta!" Akauliza kikombe kiko wapi. Kilikuwa pembeni ya mkeka wa Bibi, kimefunikwa kisahani, kimejaa tayari. Nilikiona, na bado sikuelewa kitu.

Mama ndiye aliyeelewa. Alimtazama Bibi kwa muda mrefu. "Mama," akasema, "ndiyo umenitegea hivi?"

"Ni mchezo tu, mwanangu."

"Maji hayajui mchezo."

"Tayari?" akauliza Mwalimu, hana habari. "Kamera!"

Mjomba alipiga magoti, vifungo viwili vya shati vimefunguliwa, macho amefumba. Mama akanywa funda, mashavu yakajaa. Tukangoja. Jogoo aliwika kule kwa jirani, Mkinga akamlaani kwa midomo bila sauti. Mama alisimama vile vile, kifua kinapanda na kushuka, na mimi nikawa nimebana pumzi pamoja naye. Halafu nikaona koo lake linacheza. Aliyameza.

"Kata! Vizuri sana, ila mama umesahau kupuliza. Turudie."

Wakarudia. Akajaza mashavu, akangoja, akameza. Mwalimu akaja mbele akamfundisha mwenyewe, puu! puu! na mashavu yake makavu, na vijana wawili wakacheka, kisha wakaona nyuso za wakubwa wakaacha. Kikombe kikajazwa tena. Akameza tena. Mjomba hakufumbua macho hata mara moja. Maharage ya Bibi yalikuwa yamekaa mkononi mwake, hachambui wala haachi.

Na mimi, mwenye akili zangu, nikagundua tatizo. Mama ana kiu! Amesimama juani toka asubuhi, analia, anapiga kelele, nani asingeona kiu? Wamempa maji kikombe kimoja kimoja, lazima ayameze. Akinywa akashiba, yatakayobaki atayapuliza. Niliona watu wazima wote ni wajinga. Nikachukua ndoo ndogo, nikatimua mbio kushuka kwenye chemchemi bila kumwambia mtu, nijaze, nirudi, nimkomboe mama yangu.

Nilirudi gauni limelowa na ndoo imebaki nusu. Mkinga alikuwa anakunja nyaya. Mama hayupo.

"Tumemaliza, binti!" Mwalimu akanipigapiga kichwani. "Imetoka safi kabisa."

"Amepuliza?"

"Imetoka safi, utaona mwenyewe."

Mama Efrasia, jirani yetu aliyecheza mke wa mlevi, alikuwa anakunja kanga ya mama, ile nyeusi na nyekundu ya msibani. Akanipa niipeleke nyumbani. Hakunitazama. Bibi alikuwa amegeukia ukuta. Nikamimina maji yangu kwenye mtungi yasipotee bure, nikarudi kwetu Ruhuwiko nikiruka njia nzima.

Siku ya kuonyeshwa, kibanda cha Mkinga kilijaa mpaka watu wakachungulia madirishani. Mama alisema kichwa kinamuuma. Nilikaa na Bibi benchi la mbele. Watu walilia tangu nyumba ya kwanza, walilia na mgumba, wakalia na yule mzee, wakawa wanamtukana mlevi kana kwamba hawakunywa naye kangala jana yake. Hatimaye nikaona uani kwa Bibi. Mjomba amepiga magoti. Mbele yake mgongo wa mama, na ile kanga nyeusi na nyekundu. Mkono ukainua kikombe, kichwa kikaenda nyuma, na maji yakatoka, puu! matone yakang'aa juani yakamfika Mjomba kifuani. Mjomba akalia. Alilia vibaya, kama mtu anayetapika. Kibanda kizima kikapasuka kwa vigelegele, na mimi nikasimama juu ya benchi nikapiga kelele, "Mama yangu huyo! Huyo mama yangu!" Bibi akanivuta nikae. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

Asubuhi yake Mjomba aliondoka. Alikuwa amechoka kungoja, na Bibi alikuwa amechoka kumzuia. Nilimkuta Bombambili, pale malori ya Tunduru yanapopakia, na begi dogo na kofia mpya.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mtu wangu. Umekuja kunisindikiza?"

"Jana nimeona. Mama alipuliza!"

Aliniinamia. "Umeona?"

"Kwa macho yangu. Yalikupata hapa." Nikamgusa kifuani.

Akacheka, kile kicheko chake cha zamani ambacho nilikuwa nimeanza kukisahau. "Basi, kama umeona wewe, mimi nani nikatae?"

"Kwa hiyo udongo hautakutambua."

"Hautanitambua," akasema, akanifunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Kwenye kichwa cha lori kulikuwa na nafasi; dereva alimwita aingie ndani. Mjomba akatikisa kichwa, akakanyaga tairi, akapanda nyuma, juu kabisa ya magunia, akakaa. Lori likaanza kunguruma. Akaniita kwa sauti kutoka kule juu.

"Mwambie dada nimepanda juu ya magunia!"

Nilikimbia nyumbani nikiimba. Mama alikuwa anaosha vyombo nje. Nikamwambia Mjomba ameondoka, lakini hakuna shida, si ulishampulizia.

Mikono yake ikasimama ndani ya beseni. "Nani amekwambia?"

"Nimeona. Kwenye video."

"Umeona uso wangu?"

Nikafikiri. "Nimeona mgongo."

"Mgongo ule si wangu," mama akasema. "Ni wa Mama Efrasia. Kilichokuwa changu ni kanga."

Sijui kama mnajua inavyokuwa mtoto akigundua kwamba alichokiona kwa macho yake mwenyewe hakikutokea. Nilihisi aibu, sijui aibu ya nini. Nikafanya nilichozoea kufanya, nikapeleka ujumbe. "Mjomba amesema nikwambie amepanda juu ya magunia."

Mama aliinuka. Hakufuta mikono. Aliingia ndani akatoka na kikombe kimejaa maji, amekifunika kwa kiganja, akashika njia bila viatu. Nikamfuata. Kutoka Ruhuwiko mpaka Bombambili si karibu kwa mtu anayebeba maji kwenye kikombe. Alitembea haraka ikawa yanamwagika, akapunguza mwendo, akaona anachelewa, akaongeza. Na njia nzima watu waliokuwa kibandani jana walimpungia mikono. "Hongera, Mama Bosko! Umetuliza!" "Mama Bosko, una moyo wewe!" Hakujibu hata mmoja. Walidhani ni unyenyekevu.

Tulikuta doa la oili na vijana wawili wakifagia punje za mahindi.

"La Tunduru? Limeshaondoka kitambo, mama."

Alisimama akaitazama ile barabara. Ilikuwa na vumbi bado, sijui kama lilikuwa vumbi la lori lile au la jingine. Kikombe kilikuwa kimebaki chini ya nusu. Nilimwona akitazama ndani yake, na nikaogopa kwamba atalia pale mbele za watu, na hakulia. Alinipa.

"Kunywa."

Nilikuwa na kiu kweli. Nikanywa yote.

Sikuwahi kumuuliza, njia ile yote, alikuwa anakwenda kumsamehe au alikuwa anakwenda kumshusha tu kwenye magunia. Nilikuwa na miaka mingi ya kumuuliza. Kila nilipofungua mdomo niliona ile kanga.

Mchezo ule ulizunguka. Ulionyeshwa Peramiho, ukaonyeshwa Mbinga, na kila ulikofika mama yangu alisamehe. Wanawake wasiojulikana wakawa wanakuja nyumbani. "Wewe uliyeweza la mtoto, na mimi la mume nitashindwaje?" Mama aliwakaribisha togwa, akawasikiliza mpaka mwisho, akawasindikiza hadi barabarani. Angefanya nini? Angewaambia ule ni mgongo wa jirani, wakati wao wamekwenda nyumbani wakasamehe kweli? Kanisani walimshika mkono. Mwalimu Projestus alikuja kujua baadaye sana, akaja kwetu na ile kanzu yake, akakaa, chai ikapoa mbele yake, machozi yanamtoka. Mama akamwambia, "Wewe ulikuwa mgeni, Mwalimu. Hukuambiwa." Huyo alimsamehe hapo hapo bila hata maji.

Yule wa Tunduru, mama hakupata jinsi ya kumfikia. Wafanyabiashara wa korosho walipopita mjini, mama aliwauliza. Mzee mmoja alisema, "Alhamdulillahi, mzima, nimemwona sokoni ana kofia kubwa." Mwingine akasema vijana wale walivuka Ruvuma wakaingia Msumbiji. Wa tatu alisema Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye, akaomba maji ya kunywa. Hakukupatikana kaburi wala mtu. Bibi alikufa akiwa ameelekeza kitanda upande wa barabara, na Mkinga siku moja akarekodi harusi juu ya ule mkanda kwa sababu mikanda ilikuwa adimu. Sikuudhika. Nilikasirika siku nyingine, nikiwa mtu mzima, nilipokumbuka kwamba ndiyo ilikuwa picha pekee ya Mjomba akilia, na ya kweli.

Mtungi nilioununua ulikuwa wa mama. Alipolazwa mara ya mwisho, alikataa maji ya chupa. Alikuwa hasemi sana tena, ila chupa alizisukuma kwa mkono, na siku moja akasema kwa sauti ndogo, "Hayana harufu." Basi nikayapoza kwenye mtungi, nikawa nampelekea kwenye chupa ya chai, namnywesha kwa kijiko, naye anafumba macho kwanza anayanusa.

Siku hiyo nilimpa kijiko, halafu kingine. Hakumeza. Mashavu yalikuwa yamekonda sana lakini nikayaona yanajaa, na nesi, binti mdogo mwenye huruma, akaja akanishika bega. "Mama hawezi kumeza tena. Usimpe, yatampalia."

"Anaweza," nikasema. "Huyu kumeza anaweza."

Mama aliinua kichwa kwenye mto. Sijui nguvu alizitoa wapi. Akapuliza. Hayakwenda mbali, mengine yalimtiririkia kidevuni, lakini yaliyobaki yalinifika mimi kifuani, yakapenya blauzi, ya baridi, yananuka udongo. Nesi akakimbilia taulo. Mama alikuwa ananitazama mimi, macho makavu, makali kidogo, kama mtu aliyekaa na sahani yake huku uani na anaona mtoto anachelewa.

"Mwambie huyo mtu," akasema.

"Ndiyo, mama."

Nikainuka. Mwanamke mzima, mwenye watoto wakubwa, blauzi imelowa, nikainuka kweli nikaenda kumwambia Mjomba, na nikafika mpaka mlangoni mwa wodi kabla ya kukumbuka kwamba hayupo.